Mkono Ulionifundisha Kuandika

Dada yangu, mwalimu wangu wa kwanza,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko madaftari yanayokungoja mezani kusahihishwa. Natumaini zimekukuta mzima, koo limepona, na ile sauti yako ya kuita mahudhurio imerudi. Mama hajambo? Goti lake je, au ameshatunga kisingizio kipya cha kutokwenda kliniki? Shemeji msalimie sana, mwambie ile redio niliyomtengenezea ikizima tena aipige kofi upande wa kushoto, si wa kulia. Na wapwa zangu waambie mjomba wao yupo, anakuja, na safari hii haji mikono mitupu. Najua nilisema hivyo hata safari ile. Waambie tu.

Ukitaka kujua yangu, mimi ni mzima. Nimeongezeka kifua na akili. Uzuri ulikuwepo tangu zamani.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Dada, kwenye simu wewe hunikatiza. Nikianza sentensi unaimaliza wewe, tena vizuri kuliko nilivyotaka mwenyewe. Barua haikatizwi. Halafu najua utaisoma na kalamu nyekundu mkononi. Sijasahau barua yangu ya kwanza nilipohamia huku mjini kujifunza ufinyanzi kwa Fundi. Uliirudisha imejaa wino mwekundu kama imechinjiwa kuku, na juu umeandika nne juu ya kumi, habari nzuri, mwandiko mbaya. Nilimwonyesha Fundi akacheka mpaka akaharibu chungu kilichokuwa kwenye gurudumu, kisha akanidai mimi nikifinyange upya.

Tulipozungumza mara ya mwisho uliniomba kitu kimoja tu. Ulisema, maadamu wewe hukuchaguliwa kwenda kwenye yale mafunzo ya sanaa kwa walimu, na mimi mdogo wako nilikuwa mle ndani, basi nikusimulie tulichofanya, nisiache kitu, uone kama kuna la kuwafaa watoto wako sitini na wawili wa darasa la pili. Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo sauti ya kawaida ndiyo iliyoniuma. Heri ungefoka. Kwa hiyo nakusimulia. Na mwishoni kuna jambo jingine, linahusu ile fomu yako ya maombi. Nakujua, wewe kitabu hukianzia ukurasa wa mwisho. Leo nakuomba usiruke. Nifuate taratibu kama nilivyokufuata mimi kwenye a, e, i, o, u.

Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili, kwenye chuo cha walimu, katikati ya likizo ndefu. Wanachuo walikuwa wameshaondoka, kwa hiyo walimu wa madarasa, watu wazima wenye watoto na mvi zao, walilala kwenye vitanda vya juu na chini, wakagombania bafu, na asubuhi wakapanga foleni ya chai na vikombe vya bati. Kulikuwa na vyumba vinne vya kazi: cha rangi na kuchapa, cha vikaragosi, cha ngoma, na cha udongo. Cha udongo kilikuwa changu. Mkufunzi mkuu ni mama mmoja mfupi, ana aproni yenye mifuko saba na kila mfuko una kitu cha kukata. Miezi kadhaa nyuma alikuja karakana kwa Fundi, akanitazama nikifinyanga nusu saa nzima, halafu akasema anamtaka kijana huyu. Fundi akamwambia achukue, ila asinisifu sana, maana sifa zangu zimeshajaa na hana stoo nyingine.

Sasa fikiria, dada. Mimi. Niliyeacha shule kidato cha pili, dawati langu likapewa mtu kabla halijapoa. Nasimama mbele ya walimu, wakiwemo walimu wakuu watatu, na wote wananiita mwalimu. Siku ya kwanza nilipoitwa hivyo nilitazama nyuma nione ni nani ameingia. Siku ya pili nikaitika. Siku ya tatu, mtu akiniita kwa jina langu nilikuwa sisikii.

Walikuja kwangu kwa makundi. Asubuhi ile ya kwanza wakaingia kumi, wamevaa nguo za kwenda ofisini, kila mmoja na daftari jipya na kalamu mbili. Wakakaa. Wakasubiri niwaandikie ubaoni. Alikuwemo mwalimu mkuu mmoja ambaye nilimpa jina la Kengele, kwa sababu hata akiomba maji ya kunywa anaomba kama anafunga shule. Kengele akaniuliza somo la leo lina malengo mahususi mangapi. Nikamwambia lengo ni moja, atoke humu amechafuka. Haki ya Mungu, akaandika! Akaandika na kupiga mstari chini yake kwa rula. Nikachukua ndoo, nikapita kwenye meza nikikusanya kalamu zote kama wewe unavyokusanya gololi, nikaiweka ndoo juu ya kabati. Mama mmoja akalalamika eti bila kalamu hajui mikono yake aiweke wapi. Nikamwonyesha udongo.

Nikawafundisha sheria mbili, nikawafanya waziimbe mpaka chumba cha ngoma wakaja kulalamika kelele. Ya kwanza: udongo ukandwe hewa itoke, na kitu kinene kichimbwe ndani, kibaki na ukuta usiozidi unene wa kidole. Ya pili: kikauke kabisa, mpaka ukikiweka shavuni husikii ubaridi. Kitu kinene chenye maji tumboni kikiingia kwenye tanuri, yale maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, haupati, na kitu kinapasuka. Wala hakipasuki peke yake. Vipande vyake vinaruka na kuwavunjia majirani. Shika hapo, dada, nitaparudia.

Kile chungu cha kwanza cha Kengele kilikuwa kama kofia iliyokaliwa na mtu mnene. Akasema udongo wenyewe ni mbovu. Nikamwambia bila shaka hivyo ndivyo anavyosema na kuhusu wanafunzi wake. Nikadhani leo narudishwa kwa Fundi kabla ya chakula cha mchana. Kengele akakitazama kile chungu chake, akanitazama mimi, kisha akacheka, na kicheko chake nacho ni kengele. Toka siku ile alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunawa.

Haya, yafuatayo ni ya darasa lako, chukua daftari. Udongo usinunue. Chukua tope la ukingoni mwa mto, uloweke kwenye ndoo siku mbili, uchuje kwa pazia kuukuu, umwage juu ya gunia mpaka uache kunata vidoleni. Kwa kuchapa, kata sponji ya godoro bovu, kila mtoto achonge herufi moja, wachovye kwenye rangi na kupanga majina yao ukutani. Wanaojua kuandika wawatafutie herufi wasiojua. Vikaragosi ni soksi tu na vifungo viwili vya macho. Alikuwepo mwalimu mmoja binti, mpole, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtoto mchanga. Nilimwita Taratibu. Siku tatu hatukusikia kwake zaidi ya ndiyo na asante. Alipovaa soksi yake mkononi, soksi ikamfokea Kengele achomekee shati na aache kuwapita watu kwenye foleni ya chai. Kengele akachomekea! Mkufunzi akatuambia tuone wenyewe: yule mtoto wa nyuma kabisa asiyefungua mdomo, huenda ana maneno mengi kuliko wote, anasubiri tu soksi. Na kila jioni alirudia kwamba mwalimu aanze kufanya mwenyewe mbele ya watoto, tena akikosea akosee mbele yao, wasidhani kukosea ni kazi ya watoto peke yao.

Niliposikia hilo nilikuwa namfikiria mwanafunzi mzito mmoja na dada yake. Lakini nilikaza uso nikaendelea kukata udongo.

Sasa naanza kufika pabaya.

Nafasi zilikuwa arobaini. Walimu walikuwa thelathini na tisa. Kundi la mwisho lilipokuja kwangu kigoda kimoja kikabaki hakina mtu, nikakitumia kuwekea ndoo. Mkufunzi alipoingia aliiondoa ile ndoo akaiweka chini. Siku ya nne wakati wa chai, yule mwalimu mrefu wa shule ya ng'ambo ya mto wenu, anayefunga miwani yake kwa waya, alianza kusimulia. Akasema shule ya jirani yao kuna mwalimu wa darasa la pili ambaye kila Ijumaa mchana anawatoa watoto nje, wanafinyanga herufi kwa tope, wanazilaza juani kama matofali, na Jumatatu wanazisoma kwa kuzipapasa wamefumba macho. Akasema watoto wake wakifika darasa la tatu wanajulikana, hawababaiki. Alikuwa anakusema wewe, na hakujua kwamba anayemmwagia maji ya kunawa ni mdogo wako.

Mkufunzi akamuuliza mbona mtu kama huyo hakuomba. Mrefu akasema alivyosikia yeye, aliomba akakataliwa. Na kwamba mwalimu mkuu wake alipopata habari hiyo akaifuta ile saa ya Ijumaa na kuigeuza hesabu, akisema kama hata wataalamu wa sanaa hawakuona kitu kwake, basi na yeye asiwachezeshe watoto matope. Mrefu akaongeza kwamba mama huyo hakubisha. Aliingiza watoto ndani, akazikusanya zile herufi za udongo kwenye karai, akazirudisha mtoni.

Dada, wewe hukuniambia. Ulinisimulia habari zote, hata za mbuzi wa jirani kuzaa mapacha, hukunitajia Ijumaa.

Mkufunzi akakunja uso. Akasema kutoka shule za upande wenu wa mto, huko milimani, hakukataliwa mtu yeyote, kwa sababu hakuomba mtu yeyote. Alikuwa amewawekea nafasi moja makusudi, akasubiri fomu mpaka siku ya mwisho, haikuja, na ndicho kile kigoda. Mimi wakati huo nilikuwa nakata bonge la udongo kwa waya. Waya ukaingia kidoleni. Wakanifunga kitambaa, Taratibu akanipulizia kama mtoto, na kila mtu akadhani nimegeuka rangi kwa sababu ya damu.

Wiki ya pili Mkufunzi akatoa kazi moja kwa wote, mimi nikiwemo. Kila mtu afinyange mkono wa aliyemfundisha kuandika. Hakuruhusu kutengeneza uso, mkono tu. Mrefu alifinyanga mkono wa baba yake umeshika kipande cha mkaa. Taratibu alifinyanga mkono mdogo kabisa, akasema kwao aliyejua kuandika alikuwa mtoto mwenzake wa jirani, walikuwa na miaka saba wote wawili. Kengele alifinyanga mkono wa bibi yake aliyeishia kujua herufi nane tu, na zote nane akampa. Alipofika kwenye kucha akaomba ruhusa akatoka nje. Akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Mimi niliufinyanga wako. Ule wa kulia, kidole gumba kimeinama kidogo, na lile kovu la pasi ulilolipata siku unaninyooshea sare ya kuanza shule. Nilikumbuka ulivyokuwa unaukalia mkono wangu kwa mkono wako, gumba lako juu ya gumba langu, tunasukuma kalamu wawili, na mimi nikisema naweza mwenyewe, niache, naweza mwenyewe, na kalamu ikikimbilia nje ya mstari. Nilitaka uwe mkubwa kuliko mikono yote mezani. Nilitaka wote waseme lo, huyu kweli ni mwalimu. Na ulitoka mzuri, dada, sijivuni. Mishipa ilikuwa inaonekana. Watu waliacha kazi zao wakaja kuutazama.

Lakini kuuchimba ndani ningelazimika kuukata katikati na kuuunga upya, na niliogopa kuharibu lile kovu. Nao ulikuwa bado una ubaridi. Niliuweka shavuni, nikausikia ubaridi wenyewe kabisa, nikajiambia udongo naujua mimi, sheria ni za wanafunzi. Nikauingiza kwenye tanuri katikati ya mikono ya wenzangu, mahali pa heshima.

Saa nane mchana tulikuwa ukumbini tukisikiliza wimbo wa kundi la ngoma. Tanuri likatoa mlio mmoja kama mlango uliopigwa teke, kisha kimyaaa, kisha vidogo vidogo kama mvua ya kwanza kwenye mabati. Mimi peke yangu ndiye niliyejua tangu mlio wa kwanza ni nini. Niliendelea kupiga makofi ya wimbo.

Asubuhi lilipopoa tukalifungua. Mikono kumi na mmoja ilikuwa imevunjika. Ule wa bibi yake Kengele ulibaki kiganja bila vidole. Wako ulikuwa umesambaa kila mahali, hauonekani hata kama ulikuwa mkono, na ule mdogo wa Taratibu, ambao ulikuwa ubavuni kwake, umesagika kabisa. Taratibu alipoona hivyo akaamini wake ndio uliopasuka. Hakuna aliyemwambia, aliamua mwenyewe. Akapita kwa mmoja mmoja, vipande vyake amevikinga kwenye aproni, akiomba msamaha kwamba hakuukausha vizuri. Akamwomba Kengele. Kengele akamwambia haidhuru binti yangu, bibi hakuwahi kukasirikia kitu. Mimi nilisimama nikitazama. Nilihesabu watu saba aliowaomba radhi, dada, na sikufungua mdomo. Wa nane nilikuwa mimi. Alinijia akaniambia mwalimu nisamehe, wewe ulitufundisha vizuri, ni mimi sikusikia.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile simu ya siku nilipokupa majibu ya fomu yako. Nilikukumbuka ukisema basi, labda sijui kujieleza vizuri kwenye karatasi, na ukaniuliza kama nimekula.

Nikasema ni wangu. Nikasema mbele ya wote kwamba uliopasuka ni mkono wangu, ulikuwa mnene na mbichi, nilijua, na niliusikia mlio jana nikanyamaza. Kengele, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, akaniuliza mbona nimemwacha binti wa watu azunguke hivyo.

Kisha nikaenda ofisini kwa Mkufunzi, nikafunga mlango, nikamwambia na lile la pili, ambalo sasa nakwambia wewe.

Fomu yako haikufika. Haikukataliwa na mtu. Ulinipa mkononi nilipokuja nyumbani, ukaniambia posta ilikupotezea mwaka uliopita, safari hii unaiamini miguu yangu. Nilifika nayo mpaka kwenye lango la chuo. Nilikuwa nimebakiwa na hatua mia moja. Nikaifungua, kwa kiherehere changu, nione umeandika nini. Kwenye sehemu ya kwa nini unataka kuhudhuria, niliona umeandika kwamba una mdogo wako aliyeacha shule kidato cha pili na ambaye walimu wote walimwita mzito. Sikuendelea. Damu ilinipanda. Kwa sababu Mkufunzi nilikuwa nimemwambia nimemaliza kidato cha nne, tena nimefaulu daraja la pili. Nilimwambia hivyo siku ile ile ya karakana, hata hakuwa ameniuliza. Nikaona wewe utakuja na hiyo karatasi, na mwandiko wako mzuri, utakaa kwenye kigoda mbele yangu, na kabla ya chai kila mtu atajua mwalimu wa udongo ni nani. Nikaikunja. Nikasema nitaipeleka kesho. Kesho nikasema kesho. Ijumaa saa kumi ofisi ikafungwa nikiwa nimekaa nje ya lango, fomu mfukoni, natazama mlinzi akizungusha kufuli.

Halafu nikakupigia nikakwambia orodha imebandikwa, nimeisoma mara mbili, jina lako halimo. Hakuna neno la uongo hapo. Nilijisifu sana moyoni kwa ujanja ule.

Fomu sikuichana. Sijui kwa nini. Siku ile ya tanuri, baada ya kutoka kwa Mkufunzi, nilikaa kwenye ngazi za bweni mchana kweupe nikaisoma yote. Umeandika kwamba na wewe ulimwita mzito. Kwamba siku moja ulimkuta nyuma ya nyumba anafinyanga ng'ombe wa tope, amewapanga kwa mafungu ya tano tano, anatoa na kujumlisha bila kukosea, na jana yake ulikuwa umempiga kwa hesabu zile zile. Umeandika kwamba ulichelewa kumwona, na unaomba mafunzo ili usichelewe kwa mwingine.

Kama ningesoma mistari minne zaidi pale langoni, dada. Minne tu.

Mkufunzi alinisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu kidato cha nne alisema alijua tangu mwanzo, hajali, alikuja kutafuta mikono na si cheti. Lakini kuhusu fomu hakucheka. Alisema anayejipa kazi ya kuchagua nani afundishwe hafai kushika chumba, na kama mafunzo yatakuwepo likizo ijayo, mimi sitakuwepo. Kama yatakuwepo, maana wafadhili bado hawajasema. Kwa hiyo hata nafasi siwezi kukuahidi. Nilikuwa nayo moja, nikaiwekea ndoo. Alichofanya ni kuandika barua kwa mwalimu mkuu wako, nimeiambatanisha humu. Inasema fomu yako haikuwahi kuwafikia, inasema ni kwa sababu ya nani, na inasema wao wangependa sana kujua zaidi kuhusu saa ya Ijumaa. Mwalimu mkuu ataisoma atajua mdogo wako ni mtu wa namna gani. Mpe tu. Fundi nimeshamwambia mwenyewe. Hajacheka mpaka leo, na karakana bila kicheko chake ni ghala.

Mimi na Taratibu tuliufinyanga upya ule mkono mdogo pamoja, yeye akishika, mimi nikichimba. Ulikauka siku nne. Ulitoka mzima. Wa bibi yake Kengele alikataa tuufanye tena, akakifunga kiganja kwenye shati lake akaondoka nacho kama kilivyo.

Humu ndani utakuta fomu yako, na kwenye kitambaa utakuta kipande kimoja cha udongo. Nilipochekecha majivu nilipata hicho tu kilichobaki kizima cha mkono wako. Ni kidole gumba. Kovu lipo.

Nisalimie Mama, lakini usimsomee hii, au msomee, wewe ndiye unayejua. Shemeji na wapwa zangu salamu zao ni zile zile za juu. Nawaombea wote afya, na wewe koo zima, na Ijumaa yako.

Kalamu nyekundu ninaingoja. Nipe alama unayoona inanistahili, sitabisha, hata kama ni sifuri. Kama huna la kuniambia, usiandike neno lolote, weka tu sifuri uirudishe. Nitajua umeisoma mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako, mzito wako,
Kiherehere